Kiungo wetu wa zamani ana miaka 34 na anataka kurudi: tumsajili?

Swali: "Kaka, kwenye kundi letu la mashabiki hatuelewani kabisa. Kiungo wetu wa zamani, aliyeondoka akiwa na miaka 26, amemaliza mkataba huko alikokuwa na anataka kurudi. Sasa ana 34 na anaomba miaka miwili. Wengine wanasema ameisha, tutakuwa tumesajili jina. Wengine wanasema akili ya mpira haizeeki, na kwa kuwa ni mchezaji huru hatupotezi kitu. Kocha wetu hutumia viungo wawili wa kati na anapenda timu ikabe juu. Msimu uliopita jamaa alicheza mechi 19 na kuumia kigimbi mara mbili. Wewe ungemsajili?"

Ndugu yangu, ningemsajili, ila mkataba anaoutaka nisingempa, na kazi ambayo nahisi mnamwazia nisingempa pia. Kwa miaka miwili, akiwa mmoja wa wale viungo wawili wanaoanza kila wiki, ningemshukuru na kumtakia kila la heri. Kwa mwaka mmoja, akiwa wa tatu au wa nne kwenye orodha ya viungo, na mshahara unaopanda kadiri anavyocheza, ningesaini kesho asubuhi, vipimo vikiruhusu.

Kambi zenu zote mbili zina ukweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Tatizo ni kwamba zote zinamjadili yeye tu. Kiungo mkongwe hasajiliwi peke yake. Unamsajili pamoja na miguu ya wale watakaomzunguka uwanjani, na kama miguu hiyo huna, hata awe na akili ya kiasi gani utaumia.

Tuanze na mwili, maana hapo ndipo maneno mengi hupotea. Watu wengi hudhani kinachoisha kwanza ni pumzi. Mchezaji wa miaka 34 anayejitunza anaweza kumaliza dakika 90 na kilomita zake kumi, ukamwona yuko sawa kabisa. Kinachopungua ni kasi ya kuchomoka, zile hatua tano za kwanza, na zaidi ya hapo uwezo wa kuchomoka tena na tena bila kupumzika. Nyuzi za misuli zinazotoa nguvu za ghafla huanza kupungua kabla ya zile za ustahimilivu. Kisha kuna kupona. Baada ya mechi ngumu mwili wa mchezaji yeyote huhitaji kama saa 48 hadi 72 kurudi katika hali yake, na umri ukisonga muda huo hurefuka. Kwa hiyo mechi ya Jumamosi anaweza kung'ara, ya Jumatano mkajiuliza kama ni mtu yuleyule.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Watafiti waliofuatilia wachezaji wa Ujerumani na Hispania walikuta kwamba waliovuka miaka 30 hukimbia umbali mdogo zaidi kwa kasi kubwa, ila pasi zao hufika kwa usahihi kuliko za vijana. Ukiwa shabiki unaweza kuchagua nusu ya matokeo hayo na kubishana nayo usiku kucha. Kocha hana anasa hiyo, anapewa vyote viwili kwa pamoja ndani ya mtu mmoja.

Nina hakika kwenye kundi lenu jina la Andrea Pirlo, kiungo mchezeshaji wa Italia, limeshatajwa mara nyingi. Hutajwa kila mahali mjadala huu unapozuka, na kwa haki. Mwaka 2011 Milan walikuwa na utaratibu wa kuwapa wachezaji waliovuka miaka 30 mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Pirlo, akiwa na 32, alitaka zaidi, akaondoka bure kwenda Juventus ambao walimpa miaka mitatu. Msimu wake wa kwanza Juventus walibeba ubingwa wa Italia bila kupoteza mechi hata moja ya ligi. Alibeba ligi misimu yote minne aliyokaa pale, na mwaka 2015 akacheza fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Berlin akiwa na miaka 36.

Sasa rudia kuitazama ile Juventus ya Antonio Conte, lakini safari hii usimwangalie Pirlo. Mwangalie Arturo Vidal kulia kwake na Claudio Marchisio kushoto. Mpira ukipotea, Vidal ameshafika kwa mwenye mpira kabla hajainua kichwa. Marchisio anaziba njia ya pasi ya pili. Nyuma yao kuna mabeki watatu wa kati, kwa hiyo hata Pirlo akipitwa, mshambuliaji anakutana na watu watatu wamesimama. Pirlo anarudi kwa mwendo wa kutembea haraka, na hakuna anayemlaumu, kwa sababu timu nzima ilipangwa ili yeye asihitaji kukimbia. Milan hawakuwa wajinga kumwachia. Walimtazama mchezaji, Juventus wakatazama mchezaji pamoja na wenzake.

Timu yenu inacheza na viungo wawili. Huyo mwenzake ni nani? Ni kijana mwenye mapafu ya kukaba eneo la watu wawili, au naye ni mchezeshaji anayependa kupewa mpira mguuni? Kukaba juu kunadai kwamba washambuliaji wakipanda, viungo wapande nyuma yao mara moja. Mmoja akichelewa hata sekunde mbili, katikati panabaki shimo, na wapinzani wenye macho watalipata. Mashabiki watamlaumu beki wa kati, kwa sababu ndiye anayeonekana kwenye marudio ya goli akihangaika na mtu anayemjia kwa kasi. Kosa lenyewe limefanyika mita thelathini mbele yake. Ndiyo maana nikasema simtaki kwenye wale wawili. Kocha akibadilisha mfumo na kuweka viungo watatu, mazungumzo yanabadilika, na hilo ndilo swali la kwanza ningemuuliza kocha kabla hata sijampigia wakala simu.

Mfano wa upande mwingine ni Bastian Schweinsteiger, kiungo wa Ujerumani. Julai 2015 Manchester United walimchukua kutoka Bayern Munich kwa mkataba wa miaka mitatu. Alikuwa bingwa wa dunia wa mwaka uliotangulia, na alikuwa hajatimiza hata miaka 31, mdogo kabisa ukimlinganisha na huyu wenu. Msimu wa kwanza alicheza mechi 18 za ligi, goti likamtoa. Mwaka 2016 akaja kocha mpya, José Mourinho, akamweka kando, na Machi 2017 akaenda Chicago. Wanaosema aliangushwa na umri wanakosea. Historia yake ya majeraha ilikuwa wazi kwa kila mtu kabla hajasaini, na mkataba ulikuwa mrefu kuliko kazi aliyobakiza.

Hapo ndipo vigimbi vya mtu wenu vinaponitia wasiwasi kuliko miaka yake. Jeraha la kigimbi huwapata zaidi wachezaji wenye umri, na kitu kinachotabiri jeraha kuliko vyote ni jeraha lililotangulia. Lakini "mara mbili" peke yake hainiambii kitu. Ni mguu mmoja au yote miwili? Jeraha la pili lilikuja baada ya wiki ngapi? Kama aliumia, akarudi baada ya wiki tatu, akachanika palepale, huenda aliharakishwa tu na timu iliyokuwa na shida ya wachezaji, na jeraha hilo lina maelezo. Kama yalikuwa miguu tofauti, miezi tofauti, mazoezini na si kwenye mechi, huo ni mwili unaoanza kugoma. Hali kadhalika zile mechi 19. Alianza ngapi? Alitolewa dakika ya ngapi? Zile alizokosa, alikuwa hospitali au benchi? Mtu aliyeanza mechi 17 na kumaliza 12, halafu akaumia, ni tofauti na aliyeingia mara 14 kwa dakika kumi za lala salama. Kwenye karatasi wote wana 19.

Vipimo vya afya vifanyike kabla ya kusaini. Unaweza kudhani hili halihitaji kusemwa, lakini kanuni za FIFA za usajili haziruhusu mkataba kuwekewa sharti la kufaulu vipimo. Ukishaweka sahihi umeweka. Klabu inayomtangaza mtu kwa mbwembwe, jezi begani, halafu siku ya tatu ndipo daktari anaona picha ya kano ya kisigino, imejifunga yenyewe.

Na kama mchezaji ni huru na hana timu, kuna njia iliyo bora kuliko vipimo vyote: mwache afanye mazoezi na timu wakati wa maandalizi ya msimu. Santi Cazorla alikaa karibu miaka miwili nje kwa jeraha la kifundo lililotaka kumpotezea mguu. Mwaka 2018, akiwa na 33, Villarreal, klabu yake ya zamani, walimruhusu ajifue nao kwanza, wakamwona, ndipo wakamsajili. Akacheza misimu miwili mizuri na kuitwa tena timu ya taifa ya Hispania. Mkongwe anayekataa wiki tatu za mazoezi kwa sababu ya jina lake tayari ameshakupa jibu.

Sasa wewe shabiki, ambaye huna daktari wala takwimu za ndani, utamjuaje? Tafuta mechi yake moja nzima ya miezi ya karibuni. Vile vipande vya dakika tatu vyenye muziki achana navyo, ndani yake hata mimi ningeonekana Zidane. Weka mechi nzima, halafu jizuie usifuate mpira. Mfuate yeye.

Tazama kichwa chake kabla pasi haijamfikia. Kiungo mzuri hugeuza shingo mara mbili tatu kuangalia nyuma ya mabega, ili mpira ukifika awe ameshaamua. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, amefanya kazi kubwa juu ya tabia hii, na Frank Lampard ni mmoja wa waliojitokeza juu kabisa. Hiki ndicho kinachobaki miguu ikichoka, na mkongwe ambaye bado anakifanya dakika ya 70 ana kitu cha kuuza. Aliyeacha kugeuza shingo ameacha mpira, hata kama hajajua.

Kisha subiri timu yake ipoteze mpira. Zile sekunde mbili za kwanza anafanya nini? Hutegemei akimbie kama kijana wa miaka 20. Unataka uone kama anapiga hatua kuelekea mahali sahihi, akaziba pasi ya mbele, akamlazimisha mpinzani acheze pembeni. Akinyoosha mikono kumlalamikia mwenzake, hiyo ni dalili mbaya. Akimshika mtu jezi kwa nyuma, hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu anayeshika jezi ni yule aliyejua hatari iko wapi lakini hakufika. Hesabu faulo za namna hiyo. Zikifika tatu katika kipindi kimoja, akili imefika, miguu haijafika.

Cha mwisho ni mahali anapopokelea mpira kadiri mechi inavyokwenda. Wakongwe wengi huanza mechi wakipokea katikati ya wapinzani, wakigeuka. Ikifika dakika ya 60 utamwona anashuka, anapokea kati ya mabeki wake wawili, uso kuelekea mbele, bila mtu wa kumsumbua. Watazamaji hufurahi kwa sababu anagusa mpira mara nyingi na pasi hazipotei. Lakini ameikimbia kazi. Timu imebaki na mtu mmoja pungufu pale juu alipotakiwa kuwa. Usahihi wa pasi wa asilimia 93 uliopatikana kwa njia hiyo haunishawishi.

Akifaulu hayo, atumikeje? Sheria imewasaidia sana watu wa umri wake. Mabadiliko ya wachezaji watano yaliyoletwa 2020 wakati wa korona yalifanywa ya kudumu 2022, kwa hiyo kocha anaweza kumwanzisha na kumtoa dakika ya 60, au kumwingiza dakika 25 za mwisho timu ikiwa mbele kwa goli moja na kila mtu amepaniki. Kazi hiyo ya pili ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Real Madrid walimtumia Luka Modrić hivyo katika misimu yake ya mwisho pale, na fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2024 aliingia mwishoni kumpokea Toni Kroos. Mapigo yaliyokufa, yaani faulo na kona, nayo yasisahaulike, maana hayajali kasi. Gary McAllister alikwenda Liverpool bure mwaka 2000 akiwa na miaka 35, watu wakacheka. Aprili 2001 akawafunga Everton kwa faulo ya mbali dakika za nyongeza, na mwezi uliofuata, fainali ya Kombe la UEFA dhidi ya Alavés, faulo yake ndiyo iliyozaa goli la ushindi la 5-4. Msimu huo Liverpool walibeba makombe matatu.

Niligusia neno "bure". Tangu hukumu ya Desemba 1995 ya mahakama ya Ulaya katika kesi ya mchezaji Bosman, mchezaji aliyemaliza mkataba huondoka bila ada ya uhamisho, na mashabiki wamezoea kuona hapo hakuna gharama. Wakala anajua hakuna ada, kwa hiyo anadai sehemu ya pesa hiyo kama dau la kusaini na sehemu kama mshahara. Na kuna gharama ambayo haiandikwi popote, ambayo ni dakika za kijana. Mna kiungo wa miaka 20 au 21 pale? Mkongwe akianza mechi 25, huyo kijana ataanza ngapi?

Leicester City waliupatia vizuri mpango huu wa mwaka mmoja, kwa kiasi fulani kwa bahati. Agosti 2014 walimchukua Esteban Cambiasso akiwa na miaka 34 sawa na mtu wenu, mkataba wa mwaka mmoja. Timu ilikuwa mkiani wakati wa Krismasi, kisha ikashinda mechi saba kati ya tisa za mwisho na kubaki ligi kuu, na mashabiki wakamchagua kuwa mchezaji bora wao wa msimu. Leicester walitaka abaki. Alikataa, akaenda Olympiacos. Majira ya joto ya 2015 akaja kijana kutoka Caen aitwaye N'Golo Kanté, na msimu uliofuata wakawa mabingwa wa Uingereza. Sidai kwamba Cambiasso angemzuia Kanté. Ila mwaka mmoja uliwatosha wote wawili, klabu na mchezaji.

Kuhusu mapenzi, kwa sababu huyu ni wenu na hilo linabadilisha mambo. Kurudi kunaweza kuzaa makubwa. Juan Sebastián Verón alirudi klabu yake ya zamani ya Argentina, Estudiantes, mwaka 2006 akiwa na 31, na mwaka 2009, akiwa na 34 na kitambaa cha unahodha, akawaletea Copa Libertadores, ubingwa wa vilabu vya Amerika Kusini. Alirudi na hamu ya kushinda, hakuwa amekuja kuaga. Lakini mchezaji kipenzi ni mgumu kukalishwa benchi. Mechi mbili mbaya, uwanja unaimba jina lake, kocha anamwingiza ili apate amani. Jambo ninalolihofia kwenu ni hilo kuliko kigimbi. Kama kocha wenu ni mpya na bado anatafuta heshima, mtu huyu anaweza kumharibia kazi bila kukusudia. Kama ni kocha aliyewahi kumwambia mchezaji mkubwa "leo hauchezi" na dunia haikuanguka, sina neno.

Mkataba basi: mwaka mmoja, mshahara wa msingi wa kawaida, bonasi kwa kila mechi anayoanza, na kipengele cha kuongeza mwaka wa pili moja kwa moja akianza idadi mtakayokubaliana, tuseme 20. Hapo anapata ile miaka miwili anayoitaka, ila anaichuma uwanjani. Atakataa mara ya kwanza. Msiwe na haraka. Kanuni za FIFA zinaruhusu shirikisho kumsajili mchezaji huru hata dirisha likishafungwa, mradi mkataba wake wa awali uliisha kabla ya dirisha kufungwa, kwa hiyo thibitisheni msimamo wa shirikisho lenu mapema. Kwa mchezaji wa miaka 34 asiye na timu, kila wiki inayopita simu hulia mara chache zaidi, na wakala wake analijua hilo kuliko ninyi.

Nasikia kuna wanaotaka arudishiwe jezi yake ya zamani, avuliwe kijana anayeivaa sasa. Msifanye hivyo. Januari 2012 Paul Scholes alitoka kustaafu akiwa na miaka 37, gwiji wa Manchester United kwa kipimo chochote, akakuta namba 18 yake ameshapewa Ashley Young. Alivaa 22, akaingia kipindi cha pili dhidi ya Manchester City, akapoteza mpira uliozaa goli la pili la City, na wiki moja baadaye akaifunga Bolton.